Peremende za Etelka

Kila Septemba wanawake wa mtaa wa chini hukoroga jamu ya plamu uani kwa Etelka, na penye sufuria moja na midomo sita uongo haukosekani. Mwaka huo uongo wenyewe ulikuwa huu: vidonge vya foliki, vile wanavyopewa wajawazito, huleta mapacha. Etelka akaumeza mzimamzima. Si yeye huyo aliyewapokonya wajawazito wa kijiji plamu zilizoungana, wasije wakazaa wawili? Na mapacha aliwajua. Aliwazaa, akawalea peke yake mumewe akiwa machimboni, na nusura wamzike. Sasa Boglárka, mke wa mwanawe, kimbaumbau wa watu, alikuwa akimeza vidonge hivyo hivyo kila asubuhi na mimba bado haijaingia, eti muuguzi kasema aanze mapema. Jamani! Etelka alimpenda yule binti, ingawa hakuwahi kulitamka hilo, na akaona hapa atakufa mtu.

Basi akamwaga vidonge chooni, akajaza kichupa peremende ndogo nyeupe za mnanaa, akakirudisha kabatini. Kila kikipungua, alikijaza. Usiku alilala usingizi wa pono.

Krismasi ilipokaribia Boglárka akatangaza kuwa ana mimba. Bálint, mumewe, akafungua pombe kali ya plamu, na Etelka akalia kwa furaha. Juma lililofuata akaja Jolán, muuguzi anayewazungukia wajawazito majumbani. Etelka akamwandalia yeye na Boglárka chai na vibumunda vya jibini vya moto, kisha akamchokoza kuhusu hizo dawa zake za kuleta mapacha.

Jolán akacheka, akasema hizo ni porojo. Zamani waliohesabu mapacha wa wanaomeza vidonge waliwachanganya humo wanawake waliosaidiwa na madaktari kushika mimba, na hao ndio waliozidisha mapacha. Kidonge kazi yake ni kulinda uti wa mgongo na ubongo wa mtoto, navyo hujijenga majuma ya mwanzo kabisa, mara nyingi mama hata hajajijua.

Etelka akarudisha kibumunda sahanini. Majuma hayo yalishapita. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Akisema, huenda binti huyu asimwite mama tena. Aliogopa kuliko siku aliyokuwa akijifungua. Lakini mtoto ni mtoto.

"Boglárka, mwanangu," akasema. "Zile dawa nilizimwaga. Ulikuwa unakula peremende zangu."

Jolán akaweka kikombe chini. Boglárka hakushtuka.

"Kwani mimi sina ulimi, mama? Nilijua siku ile ile. Nikanunua vingine, natembea navyo mkobani, na sijaruka hata siku moja. Peremende nilikula tu kwa utamu."

"Na ukaninyamazia?"

"Nilikuwa na hasira. Nikasema nitangoja nione kama utasema mwenyewe."

Etelka akajifunika uso kwa aproni, akalia bila aibu mbele ya mgeni. Boglárka akamwacha alie kidogo, maana alistahili. Kisha akatoa kichupa cha kweli mkobani, akamtia mkwewe kiganjani, akamfumba vidole.

"Kuanzia sasa utanipa wewe. Kwa mkono wako."

Etelka akauliza kama leo ameshameza. Alikuwa bado. Etelka akainuka akaleta maji, akafungua kichupa, akamwekea kidonge kimoja kiganjani.