Maabara ya Mbung'o

Ng'washi na mumewe Luhaga walifika Mugumu saa tatu asubuhi, na geti la shule ya binti yao Eliza lilikuwa halifunguliwi kwa wazazi mpaka saa saba. Walikuwa wametoka machimboni Tarime alfajiri, Ng'washi amepakata kapu lenye wali, kuku wa kuchoma na karanga. Luhaga alisinzia njia nzima. Konda alipomwamsha, alimtazama kama mtu asiyejua yuko wapi.

"Tukapumzike bustanini, Baba Eliza," Ng'washi alisema.

Katikati ya bustani ya mji palikuwa na nyumba ndefu ya mawe. Zamani za Waingereza, na miaka kadhaa baada ya uhuru, wataalamu walichunguza humo mbung'o na ugonjwa wa malale. Baadaye ikaachwa, popo wakahamia. Sasa ilikuwa imekarabatiwa, imepakwa chokaa na kuezekwa mabati mapya, na yeyote aliruhusiwa kuingia kuitazama.

Luhaga hakuitazama. Alifika kwenye benchi la kwanza akajilaza hapohapo, jua likimpiga usoni.

Wiki tatu alikuwa hivyo. Walikuwa Wasukuma wa Shinyanga waliofuata dhahabu Tarime miaka sita nyuma, na huko mashimoni Luhaga alisifika kwa kuamka kabla ya jogoo. Siku hizi mchana alisinzia na tonge mkononi; usiku alizunguka chumbani akiongea peke yake. Homa ilikuja ikaondoka. Alipimwa malaria, haikuonekana. Jirani akasema kuna mtu amemfanyia kitu kwa wivu wa shimo lililotoa dhahabu, na Ng'washi, mtu wa kanisani kila Jumapili, alikuwa ameanza kukubali.

Aliingia ndani kutafuta kivuli tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Mzee mwenye kofia ya sufu aliinuka kitini. Jina lake Machage, Mkurya, ndiye aliyewatembeza wageni. Alimwonyesha madirisha yenye wavu, vizimba walimofugwa mbung'o, na hadubini za shaba zilizosuguliwa mpaka zinang'aa.

"Ujanani nilifanya kazi hapa," alisema. "Tulitembea porini na kitambaa cheusi, mbung'o wanafuata ule weusi, tunawanasa. Ukikosea, wanakula wewe."

Ng'washi alicheka kidogo, akasogea kwenye picha za ukutani zilizokuwa na maelezo chini yake.

Picha ya kwanza ilikuwa ya bega lenye uvimbe mwekundu. Aliyeumwa na mbung'o, maandishi yalisema, huweza kutoka kidonda akadhani ni jipu.

Tabasamu likafifia. Mwezi uliopita Luhaga alirudi safari na jipu begani. Yeye mwenyewe alilikanda kwa maji ya moto na chumvi.

Akasoma ya pili. Homa inayokuja na kuondoka. Kichwa kuuma. Akasoma ya tatu: mgonjwa hulala mchana, hukesha usiku, tabia hubadilika, wa nyumbani wakadhani ana wazimu au amerogwa. Kwenye picha mwanamume alikuwa ameketi mbele ya sahani, chakula kimejaa, shingo imelala upande.

Kupitia wavu wa dirisha Ng'washi aliliona benchi. Luhaga hakuwa amegeuka hata kidogo. Nzi alitembea kwenye mdomo wake na hakumfukuza.

"Mzee, huyu wa kwenye picha alipona?"

"Huyo, hapana."

"Lakini huu ugonjwa si uliisha?"

"Umepungua. Porini mbung'o bado wapo." Machage alimtazama vizuri. "Una nini, mwanangu?"

Akanyoosha kidole dirishani. Maneno yalimtoka yamekatikakatika: kwamba yule ni mumewe, kwamba alikwenda porini upande wa Nyambureti kukata miti ya kushikilia kuta za shimo, kwamba alirudi akilalamika kuwa inzi wa huko wanauma juu ya shati.

Machage alitangulia mlangoni. "Twende," alisema, "na usimwamshe kwa ghafla."

Hata hivyo Luhaga alishtuka. Alipoguswa alifumbua macho mekundu, akamkamata Ng'washi mkono akaubana.

"Wewe ndiye uliyenifukia," alisema. "Nasikia mnatembea juu yangu."

"Baba Eliza, ni mimi."

"Sikujui!"

Miaka kumi na saba ya ndoa, na macho yale hayakuwa na chembe ya kumfahamu. Ng'washi alimwogopa mume wake mwenyewe, akataka kukimbia, akabaki kwa sababu mkono ulikuwa umeshikwa. Machage ndiye aliyeongea, polepole, kama anayetuliza ng'ombe, mpaka vidole vikalegea. Wakampakia kwenye bajaji, mmoja huku na mwingine huku. Kapu lilibaki kwenye nyasi.

Hospitalini Machage alimwambia nesi, "Msiishie kwenye malaria. Tazameni na malale."

Damu ikachukuliwa. Msichana wa maabara, Irine, alifunga mlango, na Ng'washi akakaa akiutazama. Saa saba ilipita. Simu ikaita, alikuwa matroni wa shule, akampa Eliza.

"Mama, wenzangu wote wametembelewa. Mko wapi?"

"Baba anaumwa kidogo."

"Amekufa, mama? Niambie kama amekufa."

"Hajafa," Ng'washi alisema. Akarudisha macho kwenye mlango wa maabara.

Irine alitoka, akapita bila kumtazama, akarudi na daktari. Ng'washi akajua. Daktari alimwambia wadudu wa malale wameonekana kwenye damu, na lazima wachukue maji ya uti wa mgongo wajue kama wameshafika kwenye ubongo. Luhaga alikunjwa kama mtoto tumboni, Ng'washi akamshika magoti. Sindano ilipoingia, Ng'washi ndiye aliyepiga kelele.

Wadudu walikuwa wamefika kwenye ubongo.

"Dawa ipo," daktari alisema. "Ni kali. Sitakudanganya."

Siku ya pili daktari akauliza Luhaga alikuwa na nani kule porini. Alikuwa na Wangwe, mwenyeji wa Nyambureti. Ng'washi alipiga simu, mkewe Wangwe akapokea.

"Amelala," alisema.

Ilikuwa saa nne asubuhi. "Mwamshe, dada yangu. Mwamshe sasa hivi, mje naye hospitali!"

Wangwe alifika jioni kwa pikipiki, amekasirika. Alikuwa amekesha akilinda ng'ombe, ndiyo sababu ya kulala. Alipimwa, hakukutwa na kitu. Alipomwona Luhaga amefungwa mikono kitandani ili asing'oe dripu, hasira ikamwisha, akaketi sakafuni.

Usiku wa nne Luhaga alitetemeka mpaka kitanda kikasogea. Ng'washi hakuweza kuomba. Alihesabu tu pumzi zake, moja baada ya nyingine, mpaka kulipokucha. Siku ya tisa alimkuta amefumbua macho, ametulia.

"Mama Eliza," alisema, "mbona umekonda hivyo?"

Ng'washi alitoka nje ya wodi ndipo akalia, akiegemea ukuta, wauguzi wakimpita.

Luhaga alikaa hospitalini wiki tano. Aliondoka na mkono wa kushoto unaotetemeka, na shimoni hakurudi tena. Sasa anashona viatu Nyamisangura, hukohuko Tarime. Siku moja, wakila, alimuuliza mkewe alikuwa akisema nini wakati ule wa ugonjwa.

"Mengi," Ng'washi alisema. "Kula, ugali unapoa."