Kitufe Kilichonata

Kinanda cha zamani cha kwaya ya kanisa la Kwa Vonza kilikuwa na kitufe kimoja kilichonata. Ukikibonyeza hakirudi juu mpaka ukiinue kwa ukucha, na sauti yake huendelea kulia kama mbuzi aliyesahauliwa kwenye kamba. Mumbua, aliyejifunza muziki chuo cha ualimu, alijua kukikwepa, hata wenzake hawakuwa na habari nacho.

Jumamosi hiyo Njogu, mfanyabiashara wa Mwingi, alileta kinanda kipya ili kwaya isikilize vyote viwili, ndipo iamue kununua au kubaki na chake. Mumbua alikijaribu kidogo. Sauti ya fidla ikatoka laini hata akaona haya kwa jinsi alivyokitamani.

Kile cha zamani kilikuwa cha Ndululu, aliyekipiga kabla ya Mumbua. Alipofariki, mama yake, Mama Kalunde, mwimbaji wa kwaya hiyo, alikiachia kanisa.

"Tuanze na chetu," akasema Mutiso, mwalimu wa kwaya.

Mumbua akapiga. Wimbo ulipofika penye kitufe kile, kidole chake hakikukikwepa. Kinanda kikalia, kikazidi kulia.

"Hicho ni kinanda ama ni punda ameona fisi?" akauliza Kilonzo, na kwaya nzima ikaangua kicheko.

Kipya alikipiga kwa moyo wake wote. Watu wakatulia tuli.

"Wanaotaka kipya?" akauliza Mutiso.

Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Mama Kalunde. "Changu kimezeeka kama mimi," akasema, akijitahidi kucheka. "Wacha kipumzike."

Mkono ule mwembamba ulimchoma Mumbua kuliko kemeo lolote.

"Mwalimu, ngoja kidogo. Nikirudie."

Akakirudia jinsi alivyokipiga kila Jumapili. Wimbo ukatoka mzima, bila doa.

"Ala! Mbona mara ya kwanza hakikulia hivi?" akashangaa Mutiso.

"Kosa si la kinanda, mwalimu. Kuna kitufe kinanata, na huwa ninakikwepa. Leo nilikigusa makusudi." Macho yake yalikuwa sakafuni. "Nilitaka kipya. Nisamehe, mwaitu, mama yangu," akamwambia Mama Kalunde.

"Ungeniambia tu, mwanangu, ningekubali," akasema Mama Kalunde taratibu. "Lakini kichekwe, kinanda cha Ndululu..."

Kura ikapigwa tena, na cha zamani kikabaki. Njogu akafunga mzigo wake.

Mumbua akapiga wimbo wa kufunga mazoezi. Mama Kalunde, ambaye siku zote husimama ubavuni pake, aliimba akiwa benchi la nyuma kabisa.