Joto la Bibie

Mume wangu aliniletea mke mwenza bila kuniambia, na mke mwenzangu huyo ni nyoka. Ni chatu mdogo mwenye mabaka ya kahawia na dhahabu, anaishi sebuleni kwangu ndani ya kasha la kioo lililotengenezwa kwa milango ya friji ya duka iliyokufa. Anaitwa Bibie. Asiyeamini kwamba ni mke mwenza aje asubuhi aone nani anaamkiwa kwanza.

Mume wangu ni fundi wa mafriji, na mtaa mzima unamwita Baridi. Maisha yake yote amefanya kazi kwa kiganja. Wenzake huja na vipimo. Yeye huweka mkono mgongoni mwa friji, akafumba macho kidogo, kisha akakwambia mota inachoka au gesi imepungua. Ndiyo maana swichi ya joto ya kasha la Bibie ilipoharibika, ile inayowasha na kuzima pedi ya umeme yenyewe, hakununua nyingine. Aliunga waya, akaweka kitufe cha kupandisha na kushusha, akasema, "Swichi ni mimi."

Na kweli alikuwa yeye. Asubuhi na jioni alilaza kiganja kwenye sakafu ya kasha, kwanza upande wa joto, kisha upande wa baridi. Nyoka hana joto lake mwenyewe, alinieleza, anaazima. Likipungua, chakula kinamlalia tumboni. Likizidi, anakauka akiwa hai. Nilimsikiliza huku nikishona sare za shule. Nilikuwa nimeapa sitaligusa kasha lile mpaka naingia kaburini.

Kisha kiharusi kikampiga. Mdomo ulienda kombo ukarudi, mguu ukarudi kwa kuburuta, lakini mkono wa kulia ukabaki njiani. Uliinuka, ulisogea, ila vidole havikuweza kushika hata bisibisi. Mtaalamu wa viungo alituambia tuusugue kila siku na nimuulize kama anasikia, maana hisia zikitangulia, huenda nguvu zikafuata. Neno hilo nililing'ang'ania. Kila jioni nilifunika cherehani, nikavuta kigoda upande wake wa kulia, nikauweka mkono ule mapajani mwangu na kuupaka mafuta, kidole kimoja kimoja.

"Unasikia?"

"Nasikia."

"Na hapa?"

"Na hapo. Una mikono migumu kama mwashi."

Nilifurahi kama mtoto. Niliwapigia ndugu zake wote simu nikawaambia mkono unarudi. Nilitaka arudi kazini, ndiyo, lakini zaidi ya hapo nilimtaka mume wangu mzima, asinibakie nusu.

Basi Bibie naye akachagua wakati huo kujivua ngozi. Macho yake yakawa meupe kama maji ya mchele, rangi ikafifia, akaacha kula. Baridi akaniambia sasa unyevu ndio uhai wake. Hewa ikiwa kavu, ngozi ya zamani inang'ang'ania, inachanika vipande, na ikibaki machoni inaweza kumpofusha. Mkono wake haukuweza kubana chupa ya kupulizia maji, kwa hiyo kazi ikaniangukia mimi, mwenye kiapo. Nilipulizia makumbi ya nazi yaliyotandikwa ndani. Nilijaza bakuli la maji. Nikalowesha taulo na kuliweka ndani ya boksi la plastiki lenye tundu, ili aingie ajivulie humo.

"Mke mwenzangu kapata chumba cha kubadilishia nguo," nilimwambia. "Mimi navalia nyuma ya mlango."

Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Nilikuwa sijamsikia akicheka muda mrefu.

Lakini unyevu haukukaa. Nilipulizia asubuhi, na kabla sijamaliza kupinda sketi moja makumbi yalishakauka kama vumbi la mbao. Maji ya bakuli yalishuka bila mtu kuyanywa. Bibie aliukimbia upande wa joto, akajikunja ndani ya bakuli, na ngozi ikaanza kumtoka vipande kama rangi ya ukuta mbovu.

"Joto halitoshi," alisema Baridi. Aliingiza mkono wa kulia, akalaza kiganja sakafuni, akafumba macho kama zamani. "Vuguvugu tu. Maji yanataka joto ili yainuke. Pandisha kidogo."

"Si ujaribu na mkono mwingine?"

"Wa kushoto haukusomea kazi."

Nikapandisha. Fundi ni yeye. Kesho yake aliweka tena kiganja, akasema tena pandisha, nami nikapandisha tena.

Alasiri moja Bibie akalipindua bakuli. Nikachukua kitambaa nikafuta maji, na kitambaa kikateleza, vidole vyangu viwili vikagusa sakafu ya kasha. Nilivivuta kana kwamba nimegusa sufuria jikoni.

"Hapa pana moto," nilisema.

"Wapi?"

Alikuja akiburuta mguu, akaweka kiganja palepale nilipopaonyesha. Nikangoja autoe mkono. Hakuutoa. Aliuacha pale, akatulia, akaniangalia kwa upole.

"Mbona pako sawa," alisema.

Nilimshika kifundo cha mkono nikakigeuza kiganja. Kilikuwa chekundu, na katikati lengelenge lilikuwa linainuka mbele ya macho yetu. Nilichomoa waya ukutani.

Sikumbuki vizuri nilivyomtoa Bibie. Najua nilitumia mikono yangu mwenyewe, na kwamba hakuwa na utelezi kama nilivyodhani, alikuwa mkavu na mzito. Tumboni magamba machache yalikuwa yamegeuka rangi ya chai, ila hayakuwa yamefunguka. Nikamimina maji kwenye beseni, nikayapima kwa kiwiko kama nilivyopima ya kuwaogeshea watoto, nikamwingiza. Mkono wa Baridi nikautia kwenye bakuli lingine la maji ya bomba. Alikaa kitini akiutazama humo ndani kama mkono wa mtu mwingine.

Baadaye nilimviringisha Bibie kwenye taulo lililolowa, nikamweka mapajani. Alianza kutambaa taratibu kutoka kunjo moja hadi jingine, na kila alipopita ngozi ililainika, ikabaki kwenye taulo. Ndipo nilipoweza kuuliza.

"Hausikii kitu mkono huo."

"Hausikii."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile."

"Na kila jioni nikikuuliza?"

"Nilikuwa naangalia vidole vyako. Ukibonyeza hapa, nasema nasikia. Ukihamia kule, nasema na hapo."

Nilikasirika, sitaficha. Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye alitaka kimuumbue mnyama asiye na hatia. Nilimwambia nimeutangazia ukoo mzima. Nilimwambia mengi, na kwa sababu ya nyoka aliye mapajani yote niliyasema kwa sauti ya chini, jambo lililozidi kunikera.

"Kwa nini, Baridi?"

"Ulikuwa unafurahi," alisema. "Mimi sikuwa na kitu kingine cha kukupa."

Nikalia. Si kwa ajili ya mkono. Mkono ulishakwenda zamani, mimi ndiye niliyechelewa kuuaga. Nililia kwa jioni zile zote, yeye amekaa akinitazama nikisugua, akichunga macho yangu yasimwone akikosea.

Bibie alitoa kichwa upande wa pili wa taulo. Macho yalikuwa meusi, safi, na mwili unang'aa kana kwamba umepakwa mafuta. Nilimrudisha kashani, upande wa baridi.

"Kesho nanunua swichi mpya," nilisema. "Na kipima unyevu."

"Nunua," alisema. Hakubisha, na kutobisha kwake kuliniuma kuliko lengelenge lile.

Jioni ilipofika nilifunika cherehani. Nilisimama na kigoda mkononi, nisijue pa kukiweka. Kisha nikazunguka kiti chake nikakaa upande wa kushoto, nikauchukua mkono ule ambao haukusomea kazi. Sikupaka mafuta. Niliushika tu.

"Huu je?" nilimuuliza. "Na usinidanganye."

Hakuangalia vidole vyangu safari hii. Alifumba macho, kiganja chake kikitembea polepole juu ya changu.

"Vidole viwili vina moto kuliko vingine," alisema. "Umeungua, na hukuniambia."