Tone la Fundi Viatu

Fundi viatu hakuwa na jina la ukoo, hakuwa na kiti chenye mgongo, wala jino la juu la kushoto, wala mtu wa kumwita baba. Baba mwenyewe alikuwepo, mtaa huohuo: mwalimu mkuu mstaafu, ambaye alileta viatu kibandani vitiwe soli na kusema hamjui mama yake fundi. Mama alihamia mbali, na sifa ya uongo ikamfuata hukohuko. Fundi hakutaka nyumba wala shamba. Alitaka mama yake asiitwe mwongo.

Ndipo zahanati ikaita familia zenye afya njema, zipimwe ili ijulikane damu yao huganda kwa kasi gani, maana daktari aliamini kasi hiyo hurithiwa. Ukoo wa mwalimu ulijulikana: wakijikata, damu huganda kabla haijadondoka, ikawa ushanga mwekundu. Walikaa benchi la mbele. Fundi akaja akakaa ubavuni mwao.

“Wewe tena,” alisema dada wa mwalimu. “Utatuganda mpaka lini, kama ruba?”

“Mpaka nishike kabisa, shangazi.”

“Shangazi yako nani? Nenda kashone viatu, na huo mdomo uushone pia.”

Muuguzi alimchoma fundi kidole. Tone likaganda hewani, likaanguka mezani kwa mlio wa kokoto, likabingirika. Liliyapita matone ya majirani waliotangulia kupimwa bila kusalimia, likafika kwenye tone la mwalimu, likagandamana nalo. Muuguzi alijaribu kuyatenganisha kwa koleo, akashindwa, akayaandikia namba moja yote mawili. Mtu wa nyuma aliuliza kama foleni inasogea.

“Huyu wako, mzee,” alisema muuguzi. “Mpishe anayefuata.”

Mwalimu alifunga kifungo cha mkono wa shati. “Damu ni damu,” alisema. “Ukoo ni ukoo.”

Mlango wake ulibaki umefungwa kama jana, na shangazi akahamishia viatu kwa fundi mwingine. Lakini neno mwongo halikusikika tena mtaani. Siku hiyo fundi alirudi kibandani akipita katikati ya barabara, kifua mbele.

“Mtoto wa mwalimu,” aliita muuza mkaa, “kiatu changu tayari?”

“Tayari. Ila mimi ni mtoto wa mama.”

Alikaa, akaandika: Mama, imeganda. Akatia karatasi katika bahasha, akajichoma kidole kwa sindano, akaangushia tone moja ukingoni. Likashika papo hapo, gumu kama lakiri ya kufungia barua. Akaitumbukiza bahasha kwenye sanduku la posta, mchana kweupe, watu wakimwona.