Kizibo cha Kandambili

Mara ya tatu Ephraïm alipoirudisha pikipiki yake, Soudi hakumwuliza kitu. Aliinama, akapitisha kidole chini ya injini, akakitazama. Mafuta yalikuwa bado ya moto.

"Papa Soudi, shida njo ile ile," Ephraïm alisema. "Nimefika Kampene suruali yote mafuta. Nilibeba mama moja wa heshima, akashuka katikati ya pori. Aliniambia afazali atembee."

"Alitembea?"

"Alitembea. Na alikuwa na kuku wawili mukononi." Ephraïm hakucheka. "Kabla ya ile filta mupya, piki yangu haikumwaga hata tone."

Neno hilo lilimchoma Soudi, kwa sababu filta hiyo aliifunga yeye. Ephraïm, mtu wa Butembo aliyekuwa akivusha mto abiria na bidhaa kutoka Kindu hadi Kampene, alichoshwa na kasha la filta ya hewa lililopasuka. Akanunua filta ya koni, ile inayovaa moja kwa moja kwenye kabureta bila kasha lolote, ambayo iliipa injini nguvu ya kupanda vilima na sauti nzito. Aliinunua katika duka la vipuri la Gédéon, hatua kumi kutoka karakana ya Soudi, na Soudi akaifunga mbele ya macho yake. Juma lile lile mafuta yakaanza kuvuja.

Mara ya kwanza Soudi alibadilisha joenti, ile karatasi ngumu inayokaa kati ya chuma na chuma, pale juu kwenye kifuniko cha injini. Mara ya pili alibadilisha mpira wa kuzuia mafuta kwenye gia ya mnyororo. Sasa madereva wengine wa pikipiki waliokuwa wakinywa chai kando ya barabara walikuwa wameanza kumtazama kwa namna ambayo hakuipenda. Fundi anayerudishiwa kazi mara tatu hana haja ya adui.

Aliosha injini yote kwa petroli, akaikausha kwa kitambaa, kisha akachukua unga wa muhogo na kuipaka kote mpaka ikawa nyeupe kama mtu aliyetoka kinuni. Kwenye unga mkavu mafuta hayawezi kujificha. Akawasha injini, akachuchumaa, akangoja.

Alitarajia mstari mmoja mweusi. Ilitokea minne. Mmoja juu kwenye kifuniko, mmoja chini ya silinda, mmoja kwenye gia ya mnyororo, na mmoja pale unapoingia mti wa kiki, ule wa kuwashia kwa mguu. Soudi alizima injini. Mafuta hayawezi kupata njia mahali panne kwa siku moja. Mafuta hayo yalikuwa yanasukumwa.

Injini hupumua. Kila pistoni inaposhuka, hewa iliyo chini yake hutafuta pa kutokea, na kiwandani wameiwekea mpira mwembamba wa kuitoa. Zamani mpira ule wa pumzi uliingia kwenye kasha la hewa. Kasha lilipoondoka, Soudi aliuelekeza chini, nyuma ya injini, ukabaki wazi. Sasa aliufuata kwa vidole mpaka mwisho wake. Mwisho wake ulikuwa umezibwa.

Alikichomoa kile kizibo. Kilikuwa kipande cha kandambili ya bluu, kimechongwa mviringo kwa kisu na kusukumwa ndani kabisa. Soudi alikigeuza mkononi.

"Yaya, umepata?" Gédéon aliuliza kutoka mlangoni pa duka lake; siku zote alimwita Soudi hivyo, yaani kaka mkubwa.

"Bado," Soudi alisema, akatia kizibo mfukoni.

Kizibo cha namna ile alikuwa amekiona mara moja tu maishani, na alikichonga yeye mwenyewe.

Ilikuwa mwaka wa 2002. Mji ulikuwa umezingirwa, treni haikufika, chumvi ilikuwa haipatikani. Askari waliokuwa wakitawala Kindu wakati ule waliwachukua Soudi na Gédéon kwa nguvu, kwa sababu walikuwa mafundi, wakawaweka katika ua mmoja karibu na gare, stesheni ya treni. Gédéon ndiye aliyekuwa na mikono bora kati yao wawili, na Soudi alilijua hilo bila kulipenda. Komanda alikuwa na pikipiki iliyoporwa kutoka misheni. Pikipiki hiyo ilikwenda mashambani, na kila iliporudi ilikuja na mbuzi wa watu, na mara mbili ilirudi ikiwavuta watu wenyewe, wamefungwa kamba viunoni. Gédéon aliambiwa aifumue injini na kuifunga upya, akafanya kazi safi. Jioni ile Soudi aliuchomoa mpira wa pumzi kwenye kasha, akauziba kwa kipande cha kandambili, akaurudisha kama ulivyokuwa. Hakuna aliyeweza kuona. Siku ya pili pikipiki ilimwaga mafuta yote njiani na injini ikakwama. Haikwenda tena mashambani.

Lakini aliyeifunga injini alikuwa Gédéon. Walimpiga siku mbili kwa kitako cha bunduki. Bega lake la kuume lilivunjika, na hata leo mkono ule haupandi juu ya kifua. Soudi alimbeba kwa baiskeli mpaka nyumbani, akamsaidia kuoga, akamletea uji. Hakusema neno. Miaka ishirini na zaidi ilipita, na hakusema neno.

Basi ni nani aliyejua habari ya kizibo cha kandambili?

Soudi alimrudishia Ephraïm pikipiki bila kumweleza lolote. Alitaka kushika mkono ukiwa kazini. Siku mbili alifanya kazi za watu akiwa amegeuza kiti chake kielekee duka la Gédéon. Mambo ambayo hakuwahi kuyapima akayapima. Mbona Gédéon alisema juzi kwamba mafundi wa kizazi chao wamechoka? Mbona alimpigia simu fundi mmoja wa Butembo, akaongea kwa sauti ya chini? Mbona kila siku alimletea chai, yeye aliyevunjwa bega? Mtu gani husamehe bure namna hiyo? Au hakusamehe, alikuwa anangoja?

Siku ya tatu, saa sita mchana, Ephraïm alirudi kutoka upande wa pili wa mto. Akaegesha pikipiki kivulini, ukutani pa duka la Gédéon, akaenda kula. Gédéon akatoka. Akaizunguka pikipiki, akainama, akaigusa filta, akakaa hapo kitambo. Kisha akaingia ndani.

Soudi alivuka barabara. Alipeleka mkono nyuma ya injini. Mpira ulikuwa umezibwa tena, kwa kandambili ile ile ya bluu.

Aliingia dukani bila kubisha hodi, akaweka vizibo viwili juu ya meza.

"Sema sasa, Gédéon. Unataka nini kwangu?"

Gédéon alivitazama vile vipande. "Yaya, umelala vibaya?"

"Usinichezee. Ulijua toka lini?"

"Kujua nini?"

"Miaka yote hii unanipa chai, unaniita yaya, kumbe unajua kama ni mimi niliziba ile piki ya komanda. Sasa unanilipa na kizibo kile kile, mbele ya watu, ili waseme Soudi hajui kazi."

Madereva waliokuwa nje waligeuka. Ephraïm alifika mlangoni na kipande cha samaki mkononi, akaviona vizibo.

"Papa Soudi," alisema, "ile si papa Gédéon. Ile ni mwenye mutumbwi."

"Mwenye mtumbwi gani?"

"Wa kuvuka Alunguli, ngambo ya mto. Akiingiza piki anailaza ubavu, sababu ikisimama inapindua mutumbwi. Sasa ikilala, mafuta inatoka na ule mupira, inachafua unga ya bamama. Siku moja walitaka kumutupa ndani ya mayi. Njo akakata sapato yake, ile kandambili, akaziba. Mimi nikaacha tu. Mulitoa kasha, nikaona mupira haushiki popote, nikafikiri hauna kazi tena."

"Na hiki cha pili?"

"Juzi alikuta hauna kizibo, akatia ingine. Alilalamika hata. Alisema namumalizia sapato."

Mtu mmoja nje alicheka, kisha akaacha.  Soudi aliinua mkono avichukue vile vizibo, lakini Gédéon alikuwa ameviwekea kiganja.

Gédéon hakuwa anamsikiliza Ephraïm. Pengine hakuwa amesikia hata neno moja tangu mwanzo wa maelezo yale.

"Piki gani ya komanda?" aliuliza.

Soudi alitazama kiganja kilichofunika vizibo.

"Yaya. Piki gani?"

"Ile ya misheni."

"Ile niliyofunga mimi."

"Ile."

Gédéon aliketi juu ya sanduku la mafuta. "Mimi nilijua niliweka joenti kombo," alisema polepole. "Nililala chini pale nyumbani, miezi, nikairudia ile kazi kichwani. Bolti kwa bolti. Nikasema, hapa njo nilikosea. Hapana, hapa. Sikupata, lakini nikajua tu nilikosea, maana mafuta yalitoka. Njo nikaacha ufundi. Si bega. Bega lingezoea."

Soudi hakulijua hilo. Siku zote alidhani ni bega.

"Walipokuwa wananipiga ulikuwa wapi?"

"Pale uani. Waliniambia nishike ndoo."

"Ulisikia."

"Nilisikia."

"Ungesema wangekuua."

"Wangeniua."

"Basi hilo naelewa," Gédéon alisema. "Na ile piki, ulifanya vizuri. Ningejua ningekusaidia kuchonga. Lakini kesho yake, mbona hukusema? Mbona hukusema walipoondoka? Mwaka ule treni iliporudi na tukacheza ngoma gare, ulikuwa pembeni yangu."

 Soudi alikuwa na majibu mengi, aliyotengeneza miaka mingi kwa ajili ya siku hiyo, na sasa kila alilolishika liliharibika kabla ya kufika mdomoni.

"Niliogopa utaacha kuniita yaya," alisema mwishowe.

Gédéon aliangalia nje, ambako madereva walijifanya kuongea. Aliondoa kiganja juu ya meza.

"Mke wangu Adolphine aliuza cherehani yake ili nifungue hili duka," alisema. "Alisema fundi mubaya atakufa kwa mikono yake mwenyewe, heri auze vitu vya wengine. Hajasema tena, lakini hajasahau. Mutoto wetu akitaka kutengeneza hata baiskeli, mama yake ananitazama mimi, anamwambia aache." Alisimama. "Uende kwake umwambie. Saa hii. Mimi sitakusindikiza, na sitamwambia kitu kabla yako."

"Gédéon, ngoja nimalize hii piki kwanza."

"Piki nitamaliza mimi. Ephraïm, isukume hapa."

Ephraïm alimtazama Soudi, kana kwamba anaomba ruhusa. Soudi alitikisa kichwa kukubali, akatoka.

Aliosha mikono kwa sabuni ya unga, mara mbili. Njia ya kwenda kwa Gédéon haikuwa ndefu, inapita nyuma ya gare, na watu watatu walimsalimia. Kila mmoja Soudi alimdhania kwamba amekwisha kupata habari, na kila mmoja aliuliza tu hali ya nyumbani.

Adolphine alikuwa uani, anatwanga sombe, yale majani ya muhogo. Alimwona, akafurahi, akasogeza kiti kwa mguu.

"Shemeji Soudi, karibu. Bwana yangu iko wapi?"

"Amebaki dukani. Amenituma."

"Amegonjwa?"

"Hapana." Soudi hakuketi. Aliweka mikono nyuma. "Ile piki ya komanda, wakati wa vita. Ile waliyompigia. Gédéon aliifunga vizuri. Ni mimi niliyeiharibu."

Mchi ulisimama ndani ya kinu.

"Rudia," Adolphine alisema.

Soudi akarudia.