Mshale kwenye Bomba

Mshale mtafiti alikuwa ameuchora mwenyewe ubavuni mwa bomba lililojaa tope alilochimba ziwani: huku juu, tope la siku hizi, kule chini, tope la kale. Na chini kabisa ndiko alikokuta mkaa wa mashamba yaliyochomwa na chavua ya mazao. Nusura apige vigelegele. Kamati iliyoketi chumba cha pili ilitaka kujua jambo moja tu: watu wa kando ya ziwa wapo tangu enzi, au ni wavamizi wa juzi wanaostahili kufukuzwa? Nyumba ya shangazi yake, aliyemlea, ilikuwa ya tatu kutoka majini.

"Dakika kumi," mkuu wa maabara alisema mlangoni. "Wameshaanza kukunja nyuso."

Akaangalia tena, kwa raha zake tu. Chini, kwenye mdomo wa bomba ulio wazi, penye tope la kale, kitu chekundu kikajipinda. Kijidudu cha ziwani, chembamba kama uzi, kizima. Vidudu hivyo huishi juu kabisa, kwenye tope laini. Chini ya mita nzima ya udongo hakiishi kitu.

Akapiga simu.

"Shangazi, lile bomba nililokupa jana mtumbwini..."

"Nililipakata kama mtoto mchanga! Tena unishukuru. Kifuniko cha chini kilikuwa kinavuja, nguo zote chepechepe. Nikaligeuza, likatulia."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unapiga kasia, ningekusumbua ya nini? Haya, wamesemaje? Nifungue mizigo?"

Basi mkaa na chavua vilikuwa vya tope la juzi. Aliyechora mshale walipofika ufukweni, bila kuuliza bomba lilipakatwaje, ni yeye, na hakuna mwingine aliyejua. Kidole gumba kimoja tu kingetosha kukimaliza kile kijidudu. Alikichukia. Akajichukia zaidi yeye mwenyewe, maana kidole alikuwa ameshakinyoosha.

"Mwanangu? Si nimekusaidia lakini?"

"Umenisaidia, shangazi."

Mkuu alirudi. "Tayari?"

Akalowesha kitambaa kwa spiriti, akaufuta mshale, akachora mwingine ukielekea upande wa pili. Machozi yalimtoka na hakuyaficha.

"Tayari."

Simu ilikuwa bado haijakatwa. Shangazi alikuwa akimpigia jirani kelele za furaha: njoo unishikie hili godoro, tunarudisha vyombo ndani.