Pampu Isiyoinamisha Mtu

Sheria ya mto pale Matinyani haikuandikwa popote, na kila mtu aliijua. Ukifika kisima cha mchangani, silaha unaiacha juu ya jiwe la ukingoni, ndipo uiname kuteka. Aliyeinama shingo yake iko wazi. Ndiyo maana Mkamba na Msomali walikunywa kwenye shimo moja bila damu, hata mwaka ule wa njaa ya themanini na nne.

Ndipo mradi wa maji ukaleta pampu. Kwenye baraza la kijiji akasimama Kalunde, bibi mwenye sauti kama shoka.

"Kwa mashine yako mtu anateka amesimama. Pinde na rungu tutaziweka wapi?"

Injinia mgeni akamgeukia mkalimani wake, Nzomo. Kijana huyo alikuwa mzaliwa wa hapo hapo, ila aliona haya mgeni ajue kwao bado wanatembea na mishale. Akatafsiri, "Anasema asante." Injinia akapiga makofi.

"Umemwambia?" Kalunde akauliza.

"Nimemwambia yote, mwaitu, mama yetu."

"Haya. Maji yatakujibu."

Siku ya kufungua pampu, Dirie, Msomali mchuuzi wa ng'ombe, alifika na kundi lililokauka ulimi. Muli, kakake Nzomo, alikuwa ameshika mpini, upinde begani. Jiwe lilibaki kule chini mtoni, halina kazi.

"Rudi nyuma, waria! Ng'ombe wako watangoja."

"Nani amekufanya DO, bwana mkubwa wa maji?"

Watu wakaangua kicheko. Muli hakucheka. Alimpiga Dirie kiwiko cha kifua. Rungu la Dirie likampasua paji la uso. Muli, damu imemziba macho, akavuta upinde, mshale ukazama shingoni mwa fahali. Fahali aliporomoka kwa kishindo. Dirie akalia kama aliyefiwa na mwana, akachomoa kisu. Nzomo aliruka katikati akipiga kelele kwa Kikamba, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza. Kisu kilimpita, kikaingia tumboni mwa Muli hadi mpinini.

Injinia alikuja mbio, mweupe kama unga. "Kwa nini hawakuniambia?"

"Walikuuliza," Nzomo akasema. "Mimi ndiye niliyekuficha maneno yao."

Akainama juu ya maiti ya kaka yake, shingo wazi. Dirie alikuwa bado amesimama nyuma yake, kisu chenye damu mkononi. Aliitazama shingo ile, kisha akateremka mtoni, akakiweka kisu juu ya jiwe.